Samaki Tuliyempika kwa Kujificha

Juzi juzi nilikwenda kukaa siku chache kwa mwanangu, Dar es Salaam. Mkewe, Mungu amzidishie, akanunua samaki ili anifurahishe. Kabla hajaweka kikaango motoni alifunga dirisha la jikoni, akafunga na mlango, kisha akachukua kitambaa akakisukumiza chini ya mlango kwa kidole cha mguu. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona unajifungia na moshi?" Akacheka. "Harufu hiyo, mama. Majirani hapa hawataki harufu ya samaki."

Hakuwa na kosa lolote. Lakini kile kitambaa kilinikata maini. Nilikaa mezani nikachokoachokoa chakula mpaka akaniuliza kama chumvi imezidi. Nikasingizia meno. Wewe unayenisoma sitakusingizia meno. Kaa, nikueleze.

Tulikuwa tunakaa Bagamoyo, upande ule wa mji ambao nyumba zake zilikuwa za udongo na makuti, zimesongamana kiasi kwamba mtu akipiga chafya kwake, wa kwetu anamwitikia. Ndani tulikuwa bibi, yaani mama yake baba, kisha baba, mama, mimi na mdogo wangu wa kike. Baba alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye baraza ya duka la Mhindi. Hatukuwa matajiri, lakini siku za samaki kwetu zilikuwa nyingi kuliko siku zisizo na samaki, na kupika samaki ilikuwa kazi ya nyumba nzima.

Baba alirudi jioni na samaki wake amemtunga kwa ukindu uliopitishwa mashavuni. Mama alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi, na mlio ule wa kwaru kwaru ndio uliotufanya watoto tuache mchezo. Mimi kazi yangu ilikuwa kupara magamba. Nilikaa uani karibu na migomba nikapara mpaka magamba yakaninata mikononi, usoni, hata kwenye nywele. Nikimaliza nilimpelekea bibi, naye alimpitisha samaki kidole kutoka mkiani kwenda kichwani, kinyume, akiwa amefumba macho. "Hapa umeacha," alisema. "Hapa ulitaka kumkwaruza nani koo?" Nikarudi kupara.

Mchuzi bibi aliupika mwenyewe. Samaki alipakwa ndimu na chumvi, akaachwa kidogo. Tui jepesi lilitangulia chunguni pamoja na embe mbichi, kitunguu, bizari na pilipili kidogo tu, maana sisi watoto tulikuwa tunakula humo humo. Tui zito liliingia mwisho, na hapo bibi hakusemeshwa. Alikoroga kwa upawa taratibu, upande mmoja, asije akalikatisha. Hata baba, ambaye barazani alikuwa mtu wa maneno mengi, alikaa kimya akingoja.

Na chungu kilipoipuliwa, sahani ya kwanza haikuwa ya baba. Ilikuwa ya jirani. Bibi aliipakua, akaifunika kwa kawa, akanipa mimi niipeleke. Siku moja nilinung'unika kwa nini tusile kwanza sisi, naye akaniambia, "Harufu yetu imeshaingia kwake bila kubisha hodi. Sasa nenda ukamwombe radhi."

Jirani huyo tulimwita mama mdogo, ingawa hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa mjane. Mumewe alifariki, na mtoto wake mchanga naye akafariki muda mfupi baadaye, wakati ule ule mama yangu alipojifungua mdogo wangu na kushikwa na homa kali hata maziwa yakakauka. Bibi alimchukua mdogo wangu akiwa analia, akavuka naye ua, akamweka mapajani mwa yule mwanamke aliyekuwa bado kwenye msiba, akamwambia, "Mwanangu, ukiweza." Akaweza. Alimnyonyesha mpaka mama akapona. Tangu hapo aliingia kwetu kupitia uani bila hodi, kama mtu wa nyumbani. Maisha yake aliyaendesha kwa kusuka ukili na kushona mikeka, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama magome.

Kisha ikaja vita ya Wazungu, ile ya pili. Kwetu haikuja na bunduki, ilikuja na kukosekana kwa vitu. Kitambaa kikapotea madukani. Cherehani ya baba ikakaa imefunikwa gunia, halafu gunia lenyewe likawa nguo, maana wako watu waliovaa magunia. Mchele tukausahau. Tulikula muhogo asubuhi na muhogo jioni. Samaki wakawa wa wenye uwezo.

Ile sahani ya jirani ilianza kwa kupungua. Kwanza kipande kikawa kidogo. Baadaye ukawa mchuzi mtupu wenye harufu ya samaki. Hakuna aliyesema kwamba sasa basi. Siku moja haikutoka, na siku iliyofuata ikawa rahisi zaidi isitoke. Mimi nikawa napita mbele ya mlango wa mama mdogo nikitazama chini, naye ananiita vile vile, "Hujambo mwanangu? Mama kaamkaje leo?"

Alimwulizia mama kwa sababu mama alikuwa mjamzito tena, na mimba ile haikumtendea wema. Miguu ilimvimba, muhogo ukawa unamrudi. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akimchotea maji kisimani.

Sasa siku moja, adhuhuri imeshapita, baba aliingia na kikapu chake cha vitambaa. Alifunga mlango kabla ya kutusalimu, nami nikajua lipo jambo. Alifukua vitambaa, na chini yake alikuwa changu mmoja, si mkubwa, bado mbichi na jicho lake linang'aa. Alikuwa amemshonea mvuvi suruali kutoka kwenye tanga kuukuu, na mvuvi akamlipa samaki huyo.

Bibi alimgeuza samaki upande huu na huu.

"Ni mmoja," alisema.

"Ni mmoja, mama," baba akajibu.

"Basi leo tupikie ndani."

Mama alikuwa amekaa kitandani ameinyoosha miguu yake iliyovimba. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na sahani ya jirani?"

Bibi hakumtazama. "Kuna mtoto tumboni. Sahani itakwenda siku nyingine."

Nataka uelewe kwamba bibi hakuwa mchoyo. Katika maisha yake yote sikumwona akila mbele ya mtu bila kumkaribisha. Nafikiri alipiga hesabu ya yule samaki kichwani mwake, akamgawa na kumgawa tena, na kila alipomgawa mama alipata kidogo mno. Hata hivyo, alipoyasema maneno yale nilihisi uso wangu unawaka, na sikujua kwa nini, maana nilikuwa na njaa na nilimtaka samaki.

Tulihamishia mafiga chumba cha nyuma. Baba aliziba kidirisha kwa gunia, akachukua gunia jingine akalisokomeza chini ya mlango. Tulichagua alasiri, saa ambayo mafiga ya watu yamelala na hakuna anayewaza chakula. Nazi tulikuna ndani ya kanga ili mlio usisikike. Magamba nilipara juu ya jamvi, na bibi safari hii hakufumba macho wala hakupitisha kidole. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ukajaa mpaka tukawa hatuonani vizuri. Mdogo wangu akikohoa mama anamziba mdomo kwa ncha ya kanga. Machozi yalimtiririka bibi huku akikoroga tui, nami nilidhani ni moshi.

Kupika samaki bila mtu kusema neno, bila bibi kumgombeza mtu, hilo nalikumbuka kuliko hata ladha yake.

Samaki akaiva. Bibi akapakua kwenye sinia, akamwekea mama upande wake wenye nyama. Baba akasema bismillahi, akanyoosha mkono. Kabla hajaufikisha, tukasikia ukelele kutoka uani.

"Moto! Jamani moto! Nyumba ya bibi inaungua!"

Ilikuwa sauti ya mama mdogo. Tulikuwa tumeziba mlango na dirisha, lakini hakuna aliyekumbuka paa. Moshi wote ulikuwa unapenya kwenye makuti na kupanda juu, mweupe, mzito, mchana kweupe. Baba aliinuka nusu, akakaa tena. Mlango ukapigwa kikumbo, komeo likang'oka, na mama mdogo akaingia na ndoo ya maji mikononi, kanga imemwanguka kichwani, miguu mitupu.

Akasimama. Mwanga wa nje uliingia pamoja naye, ukatumulika sote tulivyokaa kuizunguka sinia. Niliona macho yake yakienda kwa mama, yakashuka kwenye samaki, yakapanda kwa bibi, yakatulia pale. Bibi alikuwa ameshika upawa. Hakuuweka chini wala hakusema karibu. Hilo neno ambalo alilisema kila siku ya maisha yake halikumtoka.

Mdogo wangu peke yake ndiye aliyefurahi. Alimwonyesha mkono wake uliojaa mchuzi. "Mama mdogo, samaki!"

Nje miguu ya watu ilikuwa imeshaanza kukimbilia kwetu. Sauti za wanaume, za wanawake, mmoja anauliza, "Wamo ndani? Wazima?" Baba akainamisha kichwa. Nilimwona anangoja, kama mtu anayengoja kupigwa.

Mama mdogo akaweka ndoo chini. Akageuka, akasimama katikati ya mlango, akaishika miimo kwa mikono yote miwili hata mtu asiweze kuchungulia.

"Rudini, jamani, hakuna moto," aliwaambia. "Mama anafukizwa. Miguu imemvimba, bibi anamfukiza majani. Mimi ndiye niliyeona moshi nikapiga kelele za kijinga."

"Mbona inanukia samaki?" mwanamume mmoja akauliza.

"Samaki ni wangu. Nimemwacha motoni, na mkiendelea kunisimamisha hapa ataungua."

Watu wakacheka. Mmoja akamtania kwamba siku hizi anakula kitajiri, naye akamjibu kwa mzaha, sikumbuki alimjibu nini. Wakaondoka. Yeye alibaki ametugeuzia mgongo mpaka wa mwisho akatoweka, kisha akamwinamia mdogo wangu, akachukua ncha ya kanga yake akamfuta mkono, kidole kimoja kimoja, taratibu, kama alivyozoea kumfuta maziwa.

"Maji haya yatumieni," alisema bila kutazama sinia. "Na fungueni dirisha. Moshi utamdhuru mgonjwa."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Mlango haukufungika tena.

Yale maji yalikuwa maji yake ya kunywa. Mama aliitambua ndoo. Alianza kulia, na bibi akamwambia kwa ukali ambao sikuuzoea, "Kula. Usipokula, tumefanya yote haya kwa ajili ya nini?" Mama akala huku analia. Sisi wengine hatukugusa, isipokuwa mdogo wangu ambaye hakujua kitu. Jioni baba alitoka na miiba akaifukia mbali, nyuma ya choo.

Usidhani yaliishia hapo. Siku zilizofuata wanawake wa mtaa walikuja kumjulia hali mgonjwa. Ikabidi mama alale kitandani na kujifunika, huku anaulizwa kama mafukizo yamemfaa. Wakamwuliza bibi ni majani gani alitumia. Bibi, ambaye alikuwa akituchapa tukisema uongo, alikaa akawatajia majani ya mpera, na ya mwarobaini, na mengine ya kubuni. Kila walipoondoka alikwenda kutawadha, hata kama saa ya sala ilikuwa bado.

Lakini adhabu yetu hasa ilikuwa nyingine. Mama mdogo aliendelea kuja, aliendelea kumchotea mama maji, aliendelea kumbeba mdogo wangu. Ila hakupita tena uani. Alizunguka njiani, akasimama mbali na mlango, akaita kwa sauti kubwa, "Hodi! Hodi wenyewe!" Halafu akakohoa, akangoja. Hata tulipomwitikia mara moja alichelewa kidogo kabla ya kuingia. Mimi nilikuwa mtoto, nikamwuliza mama kwa nini sasa anabisha hodi tangu kule. Mama akasema, "Anatupa nafasi." Sikuuliza tena.

Bibi alivumilia kwa muda. Kisha baba akapata samaki tena, vibua vidogo, na safari hii bibi aliamuru mafiga yapelekwe uani, katikati kabisa. Alipika kwa sauti, akimgombeza kila mtu. Alipopakua hakunipa mimi sahani. Aliishika mwenyewe, akanivuta niende naye.

Tulimkuta mama mdogo barazani anasuka ukili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kitoweo."

"Ahsante. Lakini nimefunga, mama. Leo Alhamisi."

"Basi nitangoja," bibi akasema, akakaa chini kwenye mkeka, sahani mapajani.

Tulikaa. Jua lilikuwa bado juu. Mama mdogo aliendelea kusuka, bibi aliendelea kukaa. Baadaye bibi akasema, "Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi kwa siku ile."

"Siku ipi, mama?"

"Unaijua. Siku uliyotukuta tunakula."

"Mimi niliona moshi, mama."

"Uliona samaki."

"Niliona moshi," akasema, na mkono wake haukusimama kwenye ukili. "Nikaogopa mtaungua. Nilipowakuta wazima nikarudi kwangu. Sikuona kitu kingine."

Ningependa kukuambia kwamba walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Ilipoadhiniwa maghribi mama mdogo alifungua kwa maji, akanawa, akavuta sahani, akamkaribisha bibi. Wakala pamoja. Bibi alikuwa akimchambulia miiba na kumsogezea nyama, kama vile anamlisha mtoto, naye alipokea, akashukuru, akala kidogo, akanawa. Njiani kurudi nilishika mkono wa bibi. "Hataki nimwombe," alisema. "Nimwombe nani basi?"

Mama alijifungua salama, na ni mama mdogo aliyempokea mtoto. Vita ikaisha, vitambaa vikarudi, cherehani ya baba ikalia tena, na sahani ikaanza tena kutoka kwetu kwenda kwake. Mimi niliibeba kila mara, nayo ilikuwa imejaa kupita kiasi, mchuzi ukinimwagikia mikononi. Hata hivyo, ile njia ya uani ilibaki imeota majani. Baadaye alihamia Kaole kwa kaka yake. Bibi alipofariki, yeye alikuja kwa miguu, akawa miongoni mwa wanawake waliomwosha, na mama aliniambia kwamba ndiye aliyelia zaidi kuliko sisi wenyewe.

Nilipokuwa tayari mke wa mtu nilimfuata Kaole. Alikuwa amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini alinitambua kwa sauti. Alisisitiza anipikie. Tulikula samaki wa kuchoma na tui, kwenye mkeka mlangoni, mlango wazi kabisa, na kila aliyepita njiani alimwita, amjuaye na asiyemjua, "Karibu! Karibu chakula!" Wao wakajibu, "Ahsante, tumeshakula," wakapita. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimejipanga tangu nyumbani. Nikaanza, "Mama mdogo, ile siku ya moshi..." Akanikata kwa upole. "Kula, mwanangu, samaki anapoa." Nikala nimeinamisha kichwa, ingawa najua hakuwa akiniona.

Nyumba yake haipo tena, na ya kwetu haipo. Mahali pale pamejengwa ukuta mrefu wa matofali, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia mtu akimkaribisha mpita njia chakula kutoka mlangoni kwake. Bibi amekwenda, baba amekwenda, mama amekwenda. Mdogo wangu, yule aliyefutwa mkono, anasema hakumbuki chochote, na namwamini, alikuwa mdogo mno. Mama mdogo naye yuko mavumbini huko Kaole. Nimebaki mimi peke yangu ninayeijua siku ile, na sina tena wa kumwomba radhi.